Kasi na ufanisi wa kayaki za baharini: tunalinganisha nini hasa?

#1 OmoNaTezi

Ndugu zangu wapiga kasia, salaam.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikutana na swali moja katika mazungumzo yetu: kayaki ipi ina kasi zaidi, hii ya mita tano na nusu au ile ya mita nne na ushei? Jibu huja upesi, na karibu kila mara ni kwamba chombo kirefu ndicho chenye kasi. Nami niliamini hivyo. Niliuza kayaki fupi niliyoizoea, nikanunua ndefu na nyembamba, kisha nikaona kwamba safari zangu za saa nne zilibaki kuwa za saa nne, ila sasa nilikuwa nafika nimechoka zaidi kuliko zamani. Jambo hilo lilinisumbua kiasi cha kunifanya nirudi kwenye hesabu, na kilichonifungua macho ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Naamini swali lenyewe tunaliuliza vibaya. Anayetafuta chombo cha kusafiria hapaswi kuuliza kinaweza kufika kasi gani, bali kinamdai kani kiasi gani kwa kasi ile ambayo yeye mwenyewe anaweza kuishikilia saa nyingi mfululizo. Haya ni maswali mawili tofauti, na mara nyingi majibu yake yanapingana.

Chombo kinachokwenda majini hupata ukinzani wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni msuguano kati ya maji na ngozi ya chombo, ambao hutegemea zaidi ukubwa wa eneo lililolowa. Wa pili ni ukinzani wa mawimbi ambayo chombo chenyewe huyatengeneza kinapoyasukuma maji pembeni, kwa maana kila wimbi linaloachwa nyuma limeumbwa kwa nishati iliyotoka mabegani mwa mpiga kasia. Mhandisi Mwingereza William Froude (1810–1879), aliyejenga tangi la kuburuzia vielelezo vya meli huko Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870, ndiye aliyetufundisha kuzitenga aina hizi mbili na kuzipima kila moja kwa kanuni yake, na mpaka leo anayelinganisha kayaki mbili kwa uangalifu anapita njia aliyoifungua yeye.

Katika mwendo wa polepole msuguano ndio unaotawala, na mawimbi ya chombo ni madogo sana. Kadiri kasi inavyopanda, mawimbi hukua kwa haraka kuliko msuguano, hadi chombo kinafika mahali ambapo wimbi lake mwenyewe lina urefu sawa na mstari wake wa maji (urefu wa sehemu ya chombo iliyo majini), omo, yaani ncha ya mbele, ikiwa juu ya kilele kimoja na tezi, yaani ncha ya nyuma, ikikaribia kilele cha pili. Kasi hiyo inakadiriwa kwa kanuni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, uzidishe kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Kayaki yenye mstari wa maji wa mita 4.3 hupata takriban 9.3, na yenye mstari wa mita 5.5 hupata takriban 10.5. Hapo ndipo wauzaji wanaposimama, na hapo ndipo wanunuzi wengi tunapopotea, kwa sababu idadi ya watu wanaoweza kushikilia kilomita 9.3 kwa saa katika kayaki ya baharini, wakiwa na mzigo, kwa zaidi ya dakika chache, ni ndogo mno.

Sasa tuzame kwenye kasi tunayosafiri nayo kweli. Tuchukue kilomita 5.5 kwa saa, mwendo wa kawaida wa kundi linalosafiri siku nzima. Tuseme kayaki ya kwanza ina mstari wa maji wa mita 4.3 na eneo lililolowa la mita za mraba 1.9, ya pili ina mita 5.5 na eneo la mita za mraba 2.15, zote zikibeba uzito uleule. Kwa kanuni ya msuguano ya mwaka 1957 ambayo wahandisi wa meli bado wanaitumia, ya kwanza inadai takriban newtoni 7.6 na ya pili takriban newtoni 8.2. Kwa lugha nyingine, katika mwendo huo chombo kirefu kinadai msuguano zaidi kwa kiasi cha asilimia 8, wakati faida yake ya mawimbi bado haijaanza kuonekana kwa uzito wowote. Kani hizi ni ndogo. Nguvu inayohitajika kuivuta ile ndefu haifiki hata wati 13. Lakini ukiirudia kani hiyo kwa maelfu ya mapigo ya kasia, utaihisi.

Mizani huanza kugeuka katikati, kati ya kilomita 7 na 8 kwa saa kwa vyombo vya aina hii, pale ambapo kayaki fupi inaanza kupanda wimbi lake na ile ndefu bado inateleza kwa utulivu. Mwenye mwili uliofunzwa, anayeishi katika eneo hilo la kasi, anunue kayaki ndefu bila kusita. Ambaye haishi huko, analipia urefu kwa jasho kila siku ili aupate siku moja moja.

Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa waliowahi kumiliki aina zote mbili.

#2 Fundi_Mbao

Ndugu OmoNaTezi, ahsante kwa uzi wenye uzito. Mimi huunda kayaki za mbao kwa mikono yangu, kwa hiyo nitaongeza yale ambayo mchoraji huyaona kabla ya chombo kugusa maji.

La kwanza, urefu unaoandikwa kwenye karatasi za mauzo ni wa ncha hadi ncha, nao hauna kazi katika hesabu yako. Kinachohesabika ni mstari wa maji. Kayaki zinazofuata desturi ya Greenland zina omo na tezi zilizoinuka na kuchongoka nje ya maji, kwa hiyo chombo cha mita 5.3 kinaweza kuwa na mstari wa maji usiofika mita 4.8. Kayaki ambayo omo yake imesimama wima kama ukuta hutumia karibu urefu wake wote. Vyombo viwili vyenye urefu mmoja kwenye karatasi vinaweza kuwa viumbe tofauti kabisa majini, na mzigo ukiongezeka ile yenye ncha zilizoinuka huanza kuzizamisha na hivyo kujirefusha.

La pili ni mgawanyo wa ujazo. Unaweza kuchukua ujazo uleule na kuurundika katikati, ukaacha omo na tezi nyembamba kama kisu, au ukausambaza kuelekea ncha zote mbili. Ncha nyembamba huzaa mawimbi madogo katika mwendo wa polepole. Ncha zilizojaa hulipa katika mwendo wa kasi, kwa sababu chombo kinakuwa kama kimerefuka. Hakuna umbo moja linaloshinda katika kasi zote. Kila mchoraji huchagua kasi anayoilenga, kisha huchonga bodi, yaani mwili wa chombo, kwa ajili ya kasi hiyo, na akikuambia kwamba chombo chake kinafaa kwa mwendo wowote ule, mwulize alichora kwa ajili ya mtu wa kilo ngapi na mzigo kiasi gani.

La tatu ni umbo la tumbo. Nusu duara ndiyo inayolowa kidogo kuliko umbo lolote kwa ujazo uleule, na ndiyo maana vyombo vya mashindano vina tumbo la mviringo. Lakini nusu duara haina utulivu, na kila unapolipanua na kulilaza tumbo ili mtu akae bila hofu, unaongeza eneo lililolowa. Mimi sioni hasara hiyo kuwa ya kusikitikia. Mtu anayekaa kwa amani hupiga kasia kwa mwili wake wote.

#3 Binti_Bahari

Nashukuru wakubwa zangu. Nina maswali mawili ambayo yamenitatiza tangu nilipoanza mchezo huu.

Nimefundishwa kwamba ile kasi ya mstari wa maji ni ukuta ambao chombo hakiwezi kuuvuka bila kunyanyuka juu ya maji kama boti ya injini. Lakini nikiangalia mashindano ya Olimpiki naona kayaki za mtu mmoja zikienda kasi ambayo haikubaliani kabisa na fundisho hilo. Je, kanuni ni ya uongo?

Pili, hesabu zote mlizotoa ni za maji yaliyotulia. Pale ninapopiga kasia mimi kuna upepo karibu kila alasiri, na naona upepo wa mbele unaniibia kasi kuliko tofauti yoyote ya urefu wa chombo. Upepo unaingiaje katika ulinganisho huu?

#4 OmoNaTezi

Dada Binti_Bahari, maswali yako yote mawili yamegusa penyewe.

Kanuni ni ya kweli, ila kuiita ukuta ni kosa. Kwa sheria za mashindano kayaki ya mbio ya mtu mmoja haizidi mita 5.20 kwa urefu na haipungui kilo 12 kwa uzito. Ukiiweka kwenye kanuni unapata takriban kilomita 10.3 kwa saa. Wanaume walio bora duniani humaliza mita 1000 chini ya dakika tatu na nusu, yaani zaidi ya kilomita 17 kwa saa, na chombo chao hakijanyanyuka kikapaa juu ya maji kama boti ya injini. Kinachowawezesha ni wembamba. Bodi iliyo nyembamba sana kulingana na urefu wake husukuma maji kidogo pembeni, mawimbi yake ni madogo hata pale yanapokuwa na urefu sawa na chombo, na kile kinachoitwa ukuta kinabaki kuwa mwinuko. Kayaki pana inapofika hapo hukutana na mlima. Kayaki nyembamba hukutana na kilima. Hata hivyo kilima hicho kinapandwa kwa nguvu ambayo mimi na wewe hatuna, na wao wenyewe hawaishikilii siku nzima.

Hapo naomba tuikumbuke gharama ya kasi, kwa sababu naiona ikisahauliwa mno. Hata tukiacha mawimbi kando, nguvu inayohitajika hukua takriban kwa mchemraba wa kasi. Kutoka kilomita 7 hadi 8 kwa saa unahitaji nguvu karibu mara moja na nusu. Katika safari ya kilomita 20 umeokoa dakika 21. Wapo watakaosema dakika 21 ni nyingi, nami siwapingi, ila wajue wamezinunua kwa bei gani. Ndiyo maana chombo kinachopunguza ukinzani kwa asilimia 5 hakikupi asilimia 5 ya kasi. Kinakupa chini ya asilimia 2, na kilichobaki unakipata kwa njia ya kuchoka kidogo.

Kuhusu upepo, umesema kweli tupu. Mpiga kasia aliyeketi, pamoja na sitaha ya mbele yake, huukabili upepo kwa eneo tunaloweza kulikadiria kuwa mita ya mraba 0.4. Upepo wa mita 7 kwa sekunde ukivuma usoni, nawe unakwenda mita 1.5 kwa sekunde, hewa inakurudisha nyuma kwa kani ya karibu newtoni 18. Linganisha na newtoni 8 za msuguano wa maji nilizozitaja mwanzo. Ukinzani wa hewa umeuzidi wa maji zaidi ya mara mbili, na tofauti ya nusu newtoni kati ya bodi mbili imemezwa. Katika hali hiyo chombo chenye sitaha ya chini na omo isiyosimama juu sana hukusaidia kuliko chenye mstari wa maji mrefu. Hata kuinama kidogo mbele kuna faida.

Upepo wa ubavuni una hila yake. Kayaki nyingi huelekea kugeuza omo upande upepo unakotoka zikiwa katika mwendo, na mpiga kasia anayezirekebisha kwa kupiga zaidi upande mmoja, au kwa kufagia kasia nyuma kila pigo la tatu, anapoteza nguvu ambayo haionekani katika jedwali lolote la ukinzani. Usukani au pezi la kushuka huongeza msuguano kidogo, lakini mara nyingi msuguano huo ni mdogo kuliko nguvu inayopotea katika kurekebisha. Nimewahi kuwasikia watu wakiuita usukani fimbo ya wasiojua kupiga kasia. Anayehesabu nishati hawezi kusema hivyo.

#5 Maji_Makuu

Mkuu OmoNaTezi, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu hesabu zako, lakini siafikiani na pale unapoelekea. Waliofanya safari kubwa kabisa za kayaki hawakuchagua vyombo vifupi. Paul Caffyn wa New Zealand aliizunguka Australia kuanzia Desemba 1981 hadi Desemba 1982, kwa siku 360, katika kayaki ya Nordkapp, chombo chenye omo na tezi zilizoinuka na urefu wa takriban mita 5.4. Mwaka 2009 Mjerumani Freya Hoffmeister akaizunguka kwa siku 332 katika Epic 18X, chombo cha takriban mita 5.5 kilichochorwa na watu wa mbio, omo yake ikiwa wima na mstari wa maji ukiwa karibu urefu wake wote. Siku 28 zimepungua. Je, huo si ushahidi kwamba kasi ya bodi inalipa, tena katika safari ya masafa marefu unayodai haihitaji kasi?

#6 OmoNaTezi

Ndugu Maji_Makuu, mfano wako ni mzuri kuliko ninaoweza kuutoa mimi, na kwa sababu hiyo unastahili kuchambuliwa vizuri.

Kwanza, watu hao wawili hawakupita njia moja. Hoffmeister aliikata Ghuba ya Carpentaria moja kwa moja, kwa siku nane, akilala ndani ya chombo chake. Caffyn aliufuata ufuko. Mamia ya kilomita yamepungua hapo, na hayakupunguzwa na umbo la bodi bali na uamuzi wa ujasiri. Pili, katika safari ya karibu mwaka mzima kuna siku nyingi ambazo mtu hakai majini kwa sababu ya dhoruba, na siku hizo hazijali chombo chako kina mstari wa maji wa urefu gani. Tatu, vifaa, utabiri wa hali ya hewa na mafunzo vilikuwa vimebadilika katika miaka hiyo 27. Ukiyatoa yote hayo katika zile siku 28, sijui utabakiwa na siku ngapi za kuipa bodi, nami nisingethubutu kutaja idadi.

Hata hivyo nakubaliana nawe katika jambo moja, na nalisema wazi. Mtu mwenye mwili kama wa hao wawili, anayebeba chakula na maji ya wiki kadhaa, ana sababu mbili za kutaka urefu. Mwili wake unaishi katika ile kasi ambapo mizani imeshageuka, na mzigo wake ungeizamisha kayaki fupi hadi ikawa pana na nzito majini. Kwake kayaki ndefu ndiyo yenye ufanisi. Sikuandika kwamba kayaki fupi ni bora. Niliandika kwamba ubora unapimwa kwa kasi na mzigo wa mwenye chombo. Kosa langu mwenyewe lilikuwa kununua chombo cha mtu niliyetamani kuwa.

Naongeza na la utulivu ambalo Fundi ameligusa. Kayaki yenye upana wa sentimita 50 inaweza kuwa na ukinzani mdogo kuliko ya sentimita 58 katika tangi la majaribio, ambako hakuna mtu anayeogopa kupinduka. Baharini, mpiga kasia ambaye nyonga zake zimekakamaa kwa kutafuta mizani hawezi kuzungusha kiwiliwili, anapiga kwa mikono pekee, na mikono huchoka mapema sana. Nimewaona waliohamia kwenye vyombo vya mbio za mawimbi, vile vya zaidi ya mita 6 vyenye upana wa chini ya sentimita 45, wakiwa na kasi ndogo kwa msimu mzima kuliko walivyokuwa katika kayaki zao za zamani. Baada ya msimu huo baadhi yao walipaa, na baadhi yao hawakuwahi kutulia.

#7 Binti_Bahari

Sasa nimeelewa kwamba jibu liko majini na si kwenye karatasi. Rafiki yangu ana kayaki ya faiba ya mita 5.4, nami nina ya plastiki ya mita 4.4. Amekubali tubadilishane kwa siku moja. Nifanye jaribio gani ili nisijidanganye?

#8 OmoNaTezi

Dada, hili ndilo nililolisubiri, na nitajieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu.

Usijaribu kwa kwenda kasi uwezavyo. Mbio za dakika mbili zitakuambia jinsi chombo kinavyofanya pale usipokuwepo kamwe. Vaa kifaa cha kupima mapigo ya moyo, tafuta kiwango ambacho unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, kisha shikilia kiwango hicho hicho katika vyombo vyote viwili na uache kasi ijitokeze yenyewe. Beba mzigo uleule, kwa mizani, si kwa macho. Tumia kasia lilelile. Kama hujawahi kukaa katika kayaki ya rafiki yako, ipige kasia siku kadhaa kabla ya jaribio, la sivyo utapima ugeni wako na si bodi.

Chagua maji yenye kina. Wimbi haliwezi kusafiri kwa kasi yoyote katika maji mafupi. Kwenye kina cha nusu mita mwisho wake ni takriban kilomita 8 kwa saa, na chombo kinachokaribia kasi hiyo hukokotwa kana kwamba kuna mtu ameshika tezi. Kina cha mita 3 au zaidi kinatosha kwa mwendo wako. Nimewahi kulinganisha vyombo viwili kando ya ufuko wakati maji yanakupwa, na chombo nilichokijaribu mwisho kilionekana kizito isivyo kawaida, mpaka nilipogundua kwamba mchanga ulikuwa umenikaribia.

Weka alama mbili zenye umbali wa kilomita moja na uende na kurudi, ili mkondo na upepo vikukute kutoka pande zote mbili. Halafu hesabu kwa usahihi: chukua wastani wa kasi mbili, usichukue umbali wote ukaugawa kwa muda wote. Tuseme chombo chako kinakwenda kilomita 7 kwa saa na mkondo ni kilomita 1. Utakwenda kwa 8 na kurudi kwa 6, wastani wa kasi ni 7, na huo ndio ukweli. Lakini ukijumlisha muda utapata dakika 17 na nusu kwa kilomita 2, yaani takriban 6.86, kwa sababu umekaa muda mrefu zaidi katika ule mwelekeo wa polepole. Kosa hilo dogo linatosha kabisa kufunika tofauti unayoitafuta. Kwa upepo hata wastani wa kasi hautoshi, kwa sababu upepo wa mbele hukuumiza kuliko ule wa nyuma unavyokusaidia, kwa hiyo fanya jaribio asubuhi kabla upepo haujaamka.

Mpangilio nao una maana. Usipige mizunguko yote ya chombo cha kwanza kisha yote ya cha pili, kwa kuwa mapigo ya moyo hupanda taratibu kwa kazi ileile kadiri mwili unavyopata joto na kupoteza maji, na chombo cha pili kitaonewa. Anza na chako, ufuate na cha rafiki, urudie cha rafiki, umalizie na chako. Uchovu utagawanyika sawasawa. Kabla ya mzunguko wa kwanza, pasha mwili moto kwa robo saa.

Baada ya hapo rudia yote kwa kiwango cha juu zaidi cha mapigo ya moyo, kile cha kuongea maneno machache tu. Hapo utaona kama mizani inageuka kwako, na inageukia wapi.

#9 Fundi_Mbao

Niongeze mawili, kwa ufupi.

Kuhusu plastiki na faiba, usitarajie muujiza. Kayaki ya faiba mara nyingi ni nyepesi kwa kilo chache, lakini kilo 3 katika jumla ya kilo 110 za chombo, mtu na mzigo huongeza eneo lililolowa kwa kiasi cha asilimia 1 au zaidi kidogo. Wepesi utaufurahia zaidi ukiwa umebeba kayaki begani. Faida ya kweli ya faiba ni ugumu: bodi haibonyei pale unapoketi na haifurukuti mawimbini. Plastiki iliyokwaruzwa hadi ikaota manyoya ina msuguano zaidi, na manyoya hayo unaweza kuyakwangua kwa uangalifu kwa kisu butu.

La pili ni mawimbi ya nyuma. Wimbi la bahari lenye kipindi cha sekunde 2 husafiri kwa takriban kilomita 11 kwa saa na lina urefu wa kama mita 6. Hilo kayaki inaweza kulidaka kwa mapigo machache yenye nguvu na kulipanda. La sekunde 4 linakimbia zaidi ya kilomita 22 kwa saa na litakupita, ingawa nalo hukusukuma kidogo linapopita. Chombo kinachoongeza kasi upesi na kugeuka kwa wepesi hudaka mawimbi mengi ya aina ya kwanza, na katika siku ya namna hiyo kayaki fupi yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) uliopinda inaweza kuiacha ndefu isiyotaka kugeuka. Hakuna jedwali la ukinzani linaloeleza hilo.

Na kasia lisisahauliwe. Lile la bawa, lenye bamba lililopinda kama bawa la ndege, lililotoka Sweden katika miaka ya 1980, halitelezi majini kama la kawaida kwa nguvu ileile. Kama kweli dada unatafuta kasi, huenda ukaipata kwa bei ndogo mkononi kuliko chini ya makalio.

#10 Binti_Bahari

Nimerudi na matokeo. Tulifanya asubuhi, maji yakiwa kama kioo, kwa mpangilio ule wa chake na changu. Katika kiwango cha kuongea sentensi nzima, tofauti kati ya kayaki mbili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya mizunguko miwili ya kayaki yangu mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema kwa haki kwamba kimoja kilishinda. Katika kiwango cha juu ya hapo ile ya mita 5.4 ilishinda mara zote mbili, na niliihisi kabla hata ya kuangalia kifaa: yangu ilikuwa imeinua omo na maji yanachemka nyuma yangu, ya rafiki yangu ilikuwa kimya.

Kisha tukafanya jambo ambalo hamkulitaja. Tulijaza kila kayaki chupa za maji zenye jumla ya kilo 25 na kurudia kile kiwango cha chini. Safari hii ile ndefu ilitangulia, si kwa mengi, lakini mara zote. Yangu ilikuwa imezama hadi karibu na ukingo wa sitaha.

Mimi husafiri na mzigo mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote ninapiga kasia asubuhi kabla ya kazi, peke yangu, kwa mwendo wa kuongea. Nimeamua kubaki na kayaki yangu ya plastiki, na rafiki yangu amekubali kuniazima yake kwa zile safari mbili.

#11 OmoNaTezi

Dada, jaribio lako la mzigo ni bora kuliko langu lolote, nami nitalirudia wiki ijayo kwa kilo 15, 25 na 35 ili nijue mizani yangu inageukia kilo ngapi. Nitaleta namba hapa hapa.